Vidonge Nilivyokutumia, Mama

Mama yangu,

Muga! Naiandika salamu yetu ya nyumbani kwanza kabla ya yote, kwa sababu huku sina wa kuniitikia. Hujambo wewe, na magoti yako je? Baba hajambo? Yule ng'ombe mweupe alishazaa au bado anawazungusha tu? Mimi ni mzima. Ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini neno hilo nimelifikiria mara mbili kabla ya kuliandika.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Mama, simu yako ni ya kijiji kizima. Ukiipokea tu unaweka sauti ya nje, na kabla sijamaliza salamu namsikia Mama Kananu akicheka pembeni na mtu mwingine akiuliza kama huku kuna baridi. Jambo hili si la sauti ya nje. Tena wewe ulifundisha watoto wa nasari miaka mingi, na kitu kilichoandikwa unakisoma mara mbili, lakini kilichosemwa unajibu "sawa, sawa" halafu unafanya ulivyotaka tangu mwanzo. Kwa hiyo nimempa Wawira barua. Ni yule msichana wa Runyenjes, kule Embu, ninayefanya kazi naye hapa, ndiye aliyekuja na zile chupa mbili za vidonge vya kupunguza mwili nilizokutumia. Anakuja likizo tena. Atamwachia ndugu yangu Mwenda pale Kaaga anakofundisha, naye atakuletea Kangeta mwisho wa wiki.

Zile chupa mbili ndizo habari yenyewe. Tafadhali usiruke mistari.

Ngoja nianze na ulafi wangu. Unajua kazi yangu ni kutunza wazee katika makao yao, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza ambako jua likitoka watu wanapigiana simu. Kila mchana wazee hawa hupewa keki ya moto iliyomwagiwa uji mtamu wa njano, na wengi wao huacha nusu. Sasa mimi, mtoto wako, niliyefundishwa kufuta sufuria ya mukimo kwa kidole, nitaona chakula kinatupwa kwenye pipa nikanyamaza? Nilikuwa nakula keki za vyumba vitano. Mwaka haukuisha kabla zipu ya sare yangu haijakataa kupanda, na mzee mmoja hapa, mcheshi sana, akaniuliza kama nimemeza mwenzangu wa zamu.

Mwenzetu mmoja wa kazini akanionyesha vidonge kwenye simu yake. Vinakuja kwa posta hadi mlangoni. Chupa ina picha ya majani mabichi na mlima wenye ukungu, mlima unaofanana na Nyambene zetu kabisa, na maandishi makubwa kwamba ni mimea ya asili tupu. Mama, hapo ndipo nilipokosea, na nadhani ni mtu wa kwetu tu anayeweza kukosea hivyo. Mimi nimesomeshwa na majani. Karo yangu ilitoka kwenye miti ya miraa ya Baba, sare yangu pia, hata tiketi iliyonileta huku. Nikiambiwa kitu ni majani, moyo wangu unatulia wenyewe. Na nchi hii hii iliyoifungia miraa ya Baba mlango, ikawaachia wakulima wa Igembe mafurushi mikononi, imeruhusu ile chupa ipite kwenye tundu la barua asubuhi na mapema.

Basi nikaanza kumeza, na nikashangaa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Siku ya tatu tu njaa iliondoka, si kwamba ilipungua, iliondoka kabisa. Nilikuwa nabeba sahani ya keki mkononi na mdomo wangu haujali, kana kwamba nimebeba matofali. Nilikuwa naamka kabla ya saa kulia, nafanya kazi ya watu wawili, na kilo zinashuka kila nikipanda mizani. Nilisimama pale bafuni nikiangalia ile namba, nikasema Mungu ameumba majani gani haya.

Wakati huo huo ukaniambia kwamba nesi wa kliniki amekuonya upunguze mwili kwa ajili ya presha na magoti. Nikakutumia chupa mbili, moja ya kuanza na moja ya akiba. Nilikusomea karatasi ya ndani kwa simu nikikutafsiria: kidonge kimoja kabla ya chai ya asubuhi, utembee nusu saa kila siku, uache sukari na soda, chakula cha jioni kiwe kidogo na mboga ziwe nyingi. Uliandika yote kwenye daftari, nilisikia kalamu. Mimi mwenyewe, Mama, yale mengine yote sikuyafuata hata siku moja. Nilikuwa nameza tu.

Halafu mambo yakaanza kubadilika. Mdomo ulikauka hata nikinywa maji. Siku yangu ya mapumziko niliosha kabati zote za jikoni, nikazipanga, nikazitoa, nikaziosha tena. Usingizi ukawa wa saa mbili tatu. Wawira aliniangalia siku moja tukitoka kazini, akasimama kabisa njiani.

"Kathure, umeongea tangu tutoke kule ndani," akasema. "Hata pumzi huvuti. Uko sawa kweli?"

"Niko fiti sana!"

"Aki si fiti, hiyo ni ingine."

Nikacheka. Lakini kesho yake nilikuwa namchana nywele bibi mmoja mzee mbele ya kioo, nikajiona. Macho yamenitoka, taya linachezacheza, nimeuma shavu kwa ndani. Nikamwona Baba. Nakuapia, alikuwa Baba mtupu, siku za soko, akirudi na stori zisizoisha na ugali wake ukilala kwenye meza haujaguswa. Unajua sisi wasichana hatukuruhusiwa hata kupanda mti wa miraa, na sijawahi kutafuna kijiti hata kimoja. Lakini nimekua nikiangalia wanaotafuna. Naijua handasi, ile hali ya miraa inapomkolea mtu. Nikasema kwa sauti mbele ya yule bibi, "Hii ni handasi," naye akaniitikia kwa heshima kana kwamba nimemtajia jina la maua.

Na bado sikuacha, ona ujinga wangu. Nilijiambia ilimradi kilo zinashuka.

Wiki iliyofuata nilikuwa namwinua mzee kutoka kitandani, moyo wangu ukaanza kukimbia peke yake. Ulikuwa unagonga hadi kwenye meno. Nilimrudisha mzee wa watu taratibu, namshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikakaa sakafuni na sikuweza kusimama. Walinipeleka hospitali na gari la wagonjwa. Sikukuambia. Jumapili ile nilipokuambia nina mafua, nilikuwa nimelala na nyaya kifuani.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole. Aliniuliza ninatumia dawa gani. Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, nikasema hakuna, na sikuwa nadanganya, maana sikuvihesabu kuwa dawa. Mara ya tatu akauliza, hata chai ya mitishamba, hata kitu cha dukani? Nikamwambia labda vile vya majani tu, vya kupunguza mwili. Aliweka kalamu chini. Wawira akaleta chupa, wakachukua vidonge wakapeleka kupimwa.

Majibu yaliporudi alikaa kando ya kitanda changu akanieleza bila haraka. Ndani ya vile vidonge kulikuwa na dawa ambayo haikuandikwa mahali popote kwenye chupa. Ni dawa iliyowahi kutumiwa zamani kwa watu wanene ikapigwa marufuku kwa kuwa inapandisha presha na kusumbua moyo, na kuna watu wanaoisaga kisirisiri na kuichanganya na majani makavu. Nikamuuliza kama zipo chupa zilizo nzuri. Akasema nyingi ya zile zisizochanganywa hazina madhara makubwa, lakini pia hazifanyi kazi inayoonekana. Mtu anapungua kidogo sana au hapungui. Ndiyo maana, akasema, ukikutana na chupa ya majani inayofanya maajabu, usifurahi. Jiulize kwanza kuna nini ndani yake.

Kisha akanipeleka kupigwa picha ya moyo. Mama, hapa sijui kama nitaweza kueleza. Wanakupaka mafuta ya baridi kifuani, wanapitisha kitu kama kiazi kidogo, na pale kwenye skrini unauona moyo wako. Si mchoro wa kitabuni. Wako, wakati ule ule, unapiga. Una milango midogo myembamba inayofunguka na kujifunga, inafunguka na kujifunga, haikosei zamu. Nililala pale nikiuangalia nikasahau hata kuogopa. Ulianza kupiga nikiwa tumboni mwako, kabla hujajua kama mimi ni msichana au mvulana. Umepiga nikiwa nimelala, nikiwa nakuibia sukari, nikiwa ndani ya ndege nikilia. Sijawahi kuuambia asante wala kuupumzisha hata dakika moja, na mimi nimeumwagia takataka za posta kwa sababu ya zipu. Nililia, yule mpiga picha akadhani naumia. Akaniambia moyo wangu ni mzuri, umechoka tu, na nikiacha vile vidonge utatulia. Umetulia, Mama. Daktari amenipima tena wiki iliyopita akaridhika.

Lakini pale kitandani nilikuwa nimewaza jambo lingine. Mimi ni kijana sina presha, na vidonge vile viliniangusha chini. Wewe una presha, na kila Jumapili ulikuwa ukiniambia kwa furaha, "Nameza, nameza, na napungua!" Nikaomba simu nikakupigia. Ulikuwa umeenda kwenye kikundi chenu cha wanawake ukaacha simu kwenye chaji. Akapokea Baba.

"Kathure? Mbona unalia? Wamekufuta?"

"Baba, chukua ile chupa ya Mama. Ile ya vidonge. Kamwage chooni sasa hivi, tafadhali!"

Nikasikia kuku wakilia nyuma yake.

"Ile ya majani?"

"Ndiyo, Baba, haraka!"

"Hebu tulia. Hiyo kitu nilimwaga kitambo."

"Lakini Mama ananiambia anameza kila asubuhi!"

"Anameza," akasema Baba. "Anameza unga ya wimbi."

Mama, kaa chini kama umesimama. Baba amenikubalia nikuambie, amesema yeye hawezi, na kwamba mimi niko mbali hutanifikia kwa mwiko. Hivi ndivyo alivyonieleza. Siku zile chupa zilipofika alifungua kidonge kimoja, si unajua vina ganda linalochomoka katikati, akauonja unga kwa ncha ya ulimi. Akasema uchungu ule si wa majani tu. Kwa kuwa hakuamini ulimi wake peke yake, akangoja siku ambayo hajatafuna kitu chochote, akameza kimoja asubuhi. Unakumbuka ile Jumamosi uliyonipigia ukilalamika kwamba ameng'oa banda zima la kuku akalijenga upya upande wa pili bila kuulizwa, na anaapa hajatafuna hata kijiti? Hakudanganya. Ilikuwa ndiyo siku yenyewe.

"Nilijua kabla saa sita," aliniambia. "Hiyo ni handasi, na ni mbaya kushinda yetu. Sasa mama yako na ile presha yake, si ingemuua?"

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia.

"Mama yako? Angesikia? Angesema nataka akae mnono ndio watu waone namlisha. Na wewe je? Ulituma na roho safi. Ningekwambia ungekaa huko ukilia peke yako."

Basi akakaa nyuma ya ghala, siku uliyoenda kliniki kabla hujaanza kumeza, na vidole vyake vile vizito vya kufunga vibunda vya miraa. Akafungua kidonge kimoja kimoja, chupa mbili zote, akamwaga unga wa ndani chooni, akajaza unga wa wimbi kutoka kwenye gunia lako, akavifunga, akavifuta kwa kitambaa. Ilimchukua mchana mzima. Nilikuwa nikimsikiliza nimeziba mdomo kwa blanketi. Huyu ndiye Baba ambaye hajui hata kujaza chumvi kwenye kikopo bila kuimwaga! Tangu siku hiyo nikimfikiria nashindwa kumaliza kushangaa. Daktari alihitaji mashine kujua kilichokuwa ndani, yeye alihitaji ulimi wake na Jumamosi moja.

Nilimuuliza pia, kwa kuwa yeye anajua, njaa ile huwa inaenda wapi mtu akitafuna. Alifikiri kidogo. Akasema, "Haiendi mahali. Inakaa hapo kando inakungoja." Alisema kwa sauti ya chini, nikaona kama anajisemea mwenyewe. Ukiweza, mpeleke naye kliniki wapime presha yake. Mwambie ni mimi nimesema.

Sasa kuna jambo linalonikosesha raha, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jumapili iliyopita uliniambia kwamba wanawake wa kikundi wameona ulivyopungua, na kumi na mbili wameshaandikisha majina wakitaka niwatumie chupa. Mama Kananu yumo, na yeye ana presha kukushinda. Mke wa Mwenda yumo, na ananyonyesha. Tena ukasema chupa mpya ikifika utaachana na zile dawa za kliniki, kwa kuwa hizi za majani zinatosha. Mama, nakupigia magoti kwenye karatasi hii. Zile dawa za presha usiache hata siku moja bila nesi kukuambia. Na ile karatasi ya majina ichane. Wakiuliza kwa nini, wasomee barua hii, hata sehemu ya keki wasomee, sitaona haya. Afadhali wanicheke kuliko nipate simu usiyoweza kunipigia wewe.

Najua utakasirika. Utasema mmenifanya mtoto, wewe na baba yako. Una haki. Lakini kabla hujamnyima chai mzee wa watu, fikiria kitu kimoja ambacho kimenishangaza mimi kuliko moyo kwenye skrini.

Ulipungua. Nesi alikupima akapanga mizani upya akidhani imeharibika. Sketi ya kanisani umeipeleka kwa fundi aikaze. Presha imeshuka. Na ndani ya vidonge hamkuwa na kitu! Mimi nilikuwa na dawa kali ya kutosha kumwangusha fahali, na leo nilipoacha, kilo zangu nyingi zimesharudi na mizigo yao. Wewe ulikuwa na daftari. Ulisoma yale ya chini, ambayo mimi niliyaruka. Ukaacha sukari kwenye chai, wewe, ambaye kijiko chako cha sukari tulikiita koleo! Ukaacha kupanda bodaboda ukawa unatembea hadi sokoni Kangeta na kurudi na ile milima yote. Ukala mboga jioni watu wakila ugali. Siku baada ya siku, miezi yote hii, ukidhani unasaidiwa.

Nisalimie Nyanya, mama yake Baba, umwambie shuka alilonipa bado ndilo ninalojifunika. Msalimie mke wa Mwenda na yule mtoto wao ambaye sijamwona bado, Mama Kananu jirani yetu na sauti yake ya nje, na Shangazi wa Maua akija kuchukua maziwa. Baba msalimie kwa namna ya pekee, hata kama mmenuniana.

Nakuomba jambo moja la mwisho. Nenda kabatini ukachukue kidonge kimoja kilichobaki. Kichomoe katikati, umwage unga kwenye ulimi. Utaujua kabla hujafunga mdomo, maana wimbi uliipanda mwenyewe kule chini karibu na mto, ukaivuna na kuipepeta mwenyewe. Hamna kingine mle, Mama. Zile kilo zote ni wewe.

Mimi binti yako, ninayekushangaa kutoka mbali,

Kathure